Kabla ya Turbo Kubwa, Fungua Kava la Taimingi

Juma lililopita kijana mmoja wa Kisauni aliniandikia. Amenunua Subaru Impreza WRX ya mwaka 2002 na swali lake lilikuwa moja: kaka, nianze na ekzosti kubwa au turbo kubwa (ile feni ya kusukumia injini hewa zaidi)? Nikamuuliza mkanda wa taimingi, ule unaofanya vali zifunguke kwa kufuatana na mwendo wa pistoni, ulibadilishwa lini. Hakujua, na aliyemuuzia hakujua pia. Jibu langu limekuwa refu, nikaona niliweke hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna hamu hiyo hiyo.

Hamu yenyewe naielewa. Sisi tuliokulia Kenya miaka ya tisini hatukufundishwa kuipenda Subaru. Patrick Njiru alimaliza Safari Rally ya 1993 nafasi ya 12 kwa kile kigari kidogo cha Subaru, Vivio. Colin McRae akaishinda Safari mwaka 1997 kwa Impreza, na Richard Burns naye mwaka 2000. Siku nilipopata yangu ya buluu, injini EJ20 yenye turbo, nilijiona nimefika.

Nikaipeleka gereji moja hapa Mombasa, nikalipia mkanda mpya, roli zake zote zinazouongoza na pampu ya maji, pesa taslimu, kabla hata boneti haijafunguliwa. Muda si mrefu gari likanizimikia kwenye mlima wa Mazeras, malori yakinipita ubavuni. Tulipofungua kava, mkanda ulikuwa mpya kweli. Roli zilikuwa zile zile za zamani! Beringi ya moja ilikuwa imekwisha, mkanda ukaruka meno. Kwenye EJ20 ya kamshafti nne, zile fito zinazofungua vali, mkanda ukiruka hakuna huruma: vali hugonga pistoni, na hata zenyewe hugongana. Zangu zilipinda. Mwenye gereji akaniambia magari ya zamani ndivyo yalivyo. Neno hilo bado linaniuma, kwa sababu gari halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mtu aliyekula pesa ya roli.

Tangu hapo hakuna mkono mwingine unaogusa injini ile. Silinda hedi tu, zinazobeba vali, nilizipeleka kwa watu wenye mashine wakatie vali mpya. Mengine nilifanya mwenyewe uani kwangu Mikindani, jioni baada ya kazi, kitabu cha ufundi kikiwa wazi juu ya stuli. Majirani walicheka. Mwezi uliopita nimeipeleka Nairobi na kuirudisha, karibu kilomita 480 kila upande, na sindano ya joto haikutikisika. Hawacheki tena, wananiletea magari yao.

Sasa nisikilizeni. Gari la umri huu likifika mkononi mwako bila kumbukumbu za matengenezo, hesabu kwamba halikutengenezwa. Nunua mkanda, roli zote, kikaza mkanda na pampu ya maji kwa pamoja, kwani pampu inazungushwa na mkanda huo huo. Gurudumu la krenki, ile fito kuu inayozungushwa na pistoni, lina mshale usoni, na mshale huo umewaponza wengi. Alama ya kweli ni mkato mdogo kwenye jino la nyuma. Huo ndio uelekee juu. Kamshafti za kushoto zinasukumwa na springi za vali, ukiziachia huruka, kwa hiyo usizizungushe ovyo. Kikaza mkanda kibane kwenye vaisi taratibu, kikiwa wima, kisha tia pini kwenye tundu lake. Pini hung'olewa mwisho, alama zote zikiwa mahali pake. Halafu zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, utazame tena alama za magurudumu. Zile mistari za kwenye mkanda hazitarudi mahali pake, usishtuke. Ukihisi kitu kimekaza, simama hapo hapo. Usiguse swichi.

Jambo la pili ni themostati, kile kilango kinachozuia maji ya kupoza yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Makanika wengi wa Pwani watakwambia itoe, kwetu kuna joto. Kataa. Bila themostati injini ikiwa barabara kuu haifikii joto lake, na kompyuta huendelea kumwaga petroli kama vile ni asubuhi. Gari linalochemsha lina rejeta iliyoziba, feni iliyochoka au hewa iliyobaki ndani. Injini hii imelala ubavu, hewa hujificha kirahisi. Jaza kulenti, yaani maji maalumu ya kupoza injini, polepole, hita ikiwa wazi. Na maji ya kisima yenye chumvi yasiingie humo kamwe, yanakula aluminiamu.

Kuhusu ile vali ya kupiga pshh mkiachia mafuta, inayomwaga nje hewa ya turbo: kompyuta ya WRX imekwisha kuipima hewa hiyo karibu na filta. Ukiimwaga nje, petroli iliyoandaliwa kwa ajili yake inabaki bila mwenzake, ndiyo maana gari linatoa moshi mweusi kila ukibadilisha gia. Turbo nayo, Wajapani waliipanga kwa petroli yao ya oktani 100, kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Super yetu haifiki hapo. Ukipandisha presha bila mtu anayejua kuipanga upya kompyuta, mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka kabla ya wakati wake na pistoni hupasuka. Nimeona vijana wanauza shamba la baba kwa ajili ya mlio tu, na inanisikitisha sana.

Pesa ya ekzosti itie kwenye oili. Mimi hubadilisha kila kilomita 5,000, na kila Jumamosi asubuhi, kabla sijawasha, gari likiwa mahali tambarare, nachomoa kijiti nikitazame. EJ20 ikipungukiwa na oili kwenye kona ndefu, beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki, ndizo huanza kugonga, na ukishausikia mlio huo, zima gari pale pale ulipo na uite la kukuvuta.