Mwanangu, ule si uchafu

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango. Umeniuliza jambo ambalo mimi sikuthubutu kumuuliza mama yangu, na nashukuru umelileta kwangu.

Unasema unaoga asubuhi na jioni, lakini ikifika mchana unasikia harufu. Rafiki yako akakupa sabuni ya maji ya wanawake, ukawa unajiosha nayo mpaka ndani kwa wiki tatu sasa, na unavaa pedi ndogo za manukato kila siku. Harufu haikuisha. Imezidi, na imekuwa nyingine. Kisha pale chini ukaandika kwa herufi ndogo kabisa: "Mama, kwani mimi ni mchafu?"

Hapana, mwanangu. Hiyo sabuni iache leo.

Nadhani kosa linaanzia kwenye maneno tunayotumia. Kinachotoka ukeni tunakiita "uchafu", hata kliniki utasikia hivyohivyo: "unatokwa na uchafu?" Binti akikua anasikia neno hilo, atakosaje kujisugua? Jina lake ni ute. Ute huo ndio unaoosha uke kutoka ndani kuja nje, kila siku, bila wewe kufanya lolote. Kwa mwanamke wa umri wako, kuuona kwenye chupi kila siku ni kawaida. Siku zingine huwa mweupe na mzito kidogo. Katikati ya mzunguko, yai linapokaribia kutoka, huwa mwingi, unateleza na kuvutika kama ute wa yai bichi. Ukikauka huacha alama ya manjano hafifu.

Chukua chupi yako nyeusi ya zamani uitazame pale katikati. Imepauka, sivyo? Miaka mingi mimi nilidhani ni ugonjwa, nikawa nazificha zangu nisizianike na nguo zingine. Kumbe ni uchachu tu. Ndani ya uke wanaishi bakteria wema, laktobasili, ambao hutengeneza asidi. Daktari Mjerumani, Albert Döderlein, aliwaeleza tangu mwaka 1892. Kwenye kipimo cha uchachu kiitwacho pH, ambacho namba ikishuka uchachu unazidi, maji safi yako kwenye 7, na uke wenye afya huwa kati ya 3.8 na 4.5. Uchachu huo ndio unaozuia vijidudu vibaya visizaliane humo, na huohuo ndio unaopausha kitambaa. Basi harufu ya uchachu kidogo ni dalili kwamba mambo yanakwenda sawa.

Kiswahili kina kunuka na kina kunukia, na wanawake tumeaminishwa kwamba tusiponukia basi tunanuka. Uke hauko upande wowote kati ya hiyo miwili. Una harufu yake, tena haibaki moja. Siku za hedhi utasikia harufu kama ya chuma, kwa sababu ya damu. Baada ya tendo la ndoa hubadilika kwa muda, maana shahawa hazina uchachu, zinaupunguza wa kwako. Ukitembea juani au ukifanya mazoezi, kinenani pana tezi za jasho kama zile za kwapani. Jasho lenyewe likitoka halina harufu ya maana. Bakteria wa kwenye ngozi wakilichambua ndipo harufu inapokuja, na hiyo ni ya ngozi ya nje, maji yanaitosha. Mengi unayoyasikia mchana, nahisi, ni hayo.

Lakini umeniambia harufu imekuwa nyingine, na hapo sitaki kukupoza moyo tu.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, kabla hujazaliwa, nilikuwa natia dawa ya kuua vijidudu kwenye ndoo ya maji ya moto, najiosha mpaka ndani kwa vidole. Ilikuwa inawasha, nami nikaona kuwasha ndiko kutakata. Siku mbili tatu hali inatulia, kisha inarudi shombo, lile shombo hasa la samaki, na likizidi baada ya kukutana na baba yako. Nikawa naongeza dawa. Usiku nalala nimegeukia ukutani. Nilipokwenda kliniki hatimaye, muuguzi mmoja mtu mzima aliniuliza swali moja tu, najiosha na nini. Nilipomjibu aliweka kalamu chini, akaniambia polepole: "Ndani hapaoshwi. Panajiosha." Nililia palepale kwenye kiti, kwa aibu na kwa nafuu.

Nilikuwa nimewaua laktobasili kwa mkono wangu, bakteria wengine wakashika nafasi yao. Hali hiyo huitwa vajinosisi ya bakteria. Ute unakuwa mwepesi, wa kijivu au mweupe, na shombo. Mara nyingi haiwashi. Si fangasi, kwa hiyo dawa ya fangasi haiitibu, na ndiyo maana sitaki ununue dawa kwa kubahatisha. Fangasi huwasha sana, ute ni mzito kama maziwa yaliyoganda, na harufu haipo au ni ndogo. Ukiona ute wa manjano au kijani wenye povu na harufu kali, huenda ni trikomona, ugonjwa wa zinaa, na mwenzako naye lazima atibiwe. Kwa macho na pua tu huwezi kuwa na uhakika. Wanachukua ute kidogo kwa kijiti cha pamba, wanapima. Ikiwa ni vajinosisi, kwa kawaida hutibiwa kwa dawa iitwayo metronidazole, vidonge au ya kupaka ndani, na unaimaliza dozi hata kama shombo limeondoka siku ya pili. Usiipuuze, maana ikikaa inarahisisha kuambukizwa magonjwa ya zinaa, pamoja na virusi vya Ukimwi. Na ukisikia maumivu chini ya kitovu, homa, au ukiona damu nje ya siku zako, usingoje miadi, nenda siku hiyohiyo.

Kuosha kwenyewe ni kufupi. Maji ya kawaida, mkono safi, sehemu ya nje tu na mikunjo yake, mara moja au mbili kwa siku. Ukitaka sabuni iwe laini isiyo na manukato, na isivuke kuingia ndani. Ukitoka chooni jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Chupi za pamba, na ukitoka jasho badili. Pedi ibadili kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa, kwani damu ikikaa ndiyo inayotoa harufu. Tamponi, ile pamba ya kuingiza ndani siku za hedhi, isizidi saa 8, na uhakikishe ya mwisho umeitoa, maana iliyosahaulika ndani hutoa harufu mbaya mno na inaweza kuleta ugonjwa hatari. Zile pedi za manukato ziache pamoja na sabuni.

Rafiki yako usimkasirikie. Naye ameambiwa na mtu.

Nenda kliniki wiki hii. Siku mbili kabla usiweke chochote ndani, na ukiulizwa unajiosha na nini, taja yote. Ukitoka nipigie, hata kama ni usiku. Simu itakuwa karibu yangu.

Mama yako