Celie alikuwa akimwandikia nani?

Swali lenu la wiki hii, "Ni riwaya gani iliyotendewa haki ilipopelekwa jukwaani au kwenye sinema?", limenirudisha sebuleni kwa marehemu shangazi yetu, Tanga, mbele ya deki ya video. Kanda ilikuwa The Color Purple, filamu ya Steven Spielberg ya 1985. Dada yangu hakuchoka kurudisha nyuma sehemu moja: Celie na mdogo wake Nettie wanapigiana viganja huku wakiimba wimbo wenye kiitikio cha "makidada". Kiingereza chetu kilikuwa cha kuokoteza, hadithi ilitupita, lakini "dada" tuliisikia wazi.

Basi jibu langu ni riwaya hiyo ya Alice Walker, iliyotoka 1982 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Ila haki yenyewe ilichelewa, na kwa maoni yangu ilipatikana jukwaani.

Ugumu ni kwamba kitabu kizima ni barua. Celie, binti mweusi wa jimbo la Georgia, Marekani, ana miaka 14. Amenajisiwa na mwanamume anayemwita baba, naye amemwonya asimwambie yeyote ila Mungu. Ndipo anapoanza kumwandikia Mungu. Sasa sinema utaipigaje picha barua? Whoopi Goldberg, aliyecheza Celie, alijitahidi mno, akasema kwa macho yale ambayo kinywa hakikuruhusiwa kuyatamka. Filamu inafika kileleni pale barua za Nettie zinapofukuliwa, alizozificha Mister, mume wa Celie, kwa miaka mingi. Nettie yuko Afrika na wamisionari. Kitabuni kabila analoishi nalo ni la kubuni, la Afrika Magharibi, lakini picha za Afrika zilipigwa Kenya, na katika albamu ya muziki uliosimamiwa na Quincy Jones kuna kipande kiitwacho "Katutoka Corrine". Corrine ni mke wa mmisionari, anayefia ugenini. Kwa wasikilizaji wengine hilo ni jina tu. Kwetu sisi ni tangazo la msiba.

Filamu iliteuliwa kuwania tuzo 11 za Oscar, ikatoka mikono mitupu. Usiku huohuo wa 1986 Out of Africa, nayo iliyopigwa Kenya, nayo yenye uteuzi 11, ilibeba 7. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Lakini filamu ilikuwa na upungufu wake. Mapenzi ya Celie na mwimbaji Shug Avery, ambayo kitabuni ndiyo yanayomfumbua macho ajione naye ni mtu, yalipunguzwa yakabaki busu. Halafu Mister. Weusi wengi wa Marekani walilalamika kwamba wanaume wao wameonyeshwa kama makatili watupu. Spielberg alimpa tendo jema mwishoni, la kusaidia Nettie arudi, kisha akamwacha amesimama mbali shambani na farasi wake. Walker alimleta hadi barazani, akaketi na Celie, wakashona nguo pamoja kama marafiki wazee. Mimi hapo ndipo nilipolia nilipokuja kukisoma kitabu, na ndipo ninapoidai filamu.

Mchezo wa nyimbo uliotokana na riwaya hiyo ulianzia Atlanta 2004, ukafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, Desemba 2005. LaChanze aliyecheza Celie alipata Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway. Uonyeshaji uliofuata ndio wangu: ule wa mwongozaji John Doyle, uliotoka London 2013 hadi New York 2015. Jukwaa halina nyumba wala shamba, ni viti vya mbao tu, vingine vimetundikwa ukutani. Celie ni Cynthia Erivo. Nimeusikiliza kwa albamu mara zisizohesabika, hasa wimbo wa karibu na mwisho, anapohesabu alivyo navyo, kuanzia mdogo wake Nettie, na kutamka kwamba yupo. Anaanza taratibu, karibu kunong'ona, na inapofika ile noti ya mwisho hakuna tena aliyebaki wa kumnyamazisha. Jukwaani mtu akisimama peke yake na kuimba, anatuimbia sisi tuliokaa gizani. Barua imepata wa kuisoma. Mwaka 2016 Erivo alipata Tony, na mchezo wenyewe ukapata ya uonyeshaji mpya bora.

Filamu ya 2023, ya Mghana Blitz Bazawule, ilitokana na mchezo huo. Ni nzuri, ingawa wingi wa wachezaji humfunika Celie kidogo.

Dada yangu sasa anaishi Muscat. Tuliiangalia kila mmoja kwake, simu ikiwa wazi katikati yetu. Mapema tu akatokea mkunga anayemzalisha Celie, na ni Whoopi Goldberg, nywele zimeingia mvi. Dada alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Rudisha nyuma."