Sauti ya wageni iache kabatini

Jumatatu usiku nilipokea ujumbe wa mama mmoja wa Handeni. Mwanawe ana miaka 16, kazaliwa na mtindio wa ubongo, na maneno ya kijana wanayaelewa mama na dada zake tu. "Kaka, nimesikia simu yako sasa inakuelewa. Na mimi nianzie wapi?" Nikasema nimjibu kwa mistari mitatu, nikajikuta nahadithia mpaka bando linakata. Basi niyaweke hapa.

Wasionijua: mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, hapa Tanga. Mwaka 2020 nilipigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea na ulimi nao ukalegea. Maneno ninayo yote kichwani, ila misuli ya mdomo haifuati amri. Wataalamu wanaiita disathria. R inatoka kama L, silabi za katikati zinamezwa, na jioni nikichoka naongea kama mtu mwenye ubuyu mdomoni.

Miezi ya mazoezi nairuka, haina utamu. Niseme la simu. Niliwahi kupiga huduma kwa wateja ya kampuni moja kuhusu pesa iliyokwenda namba siyo. Binti aliyepokea alinisikiliza kidogo, akasema, "Mzee, ukishalewa usipige simu," akakata. Nilikuwa na miaka 41, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Mpaka leo nikikaribia ofisi yao navuka barabara. Najua ni utoto. Navuka tu.

Mkono hauandiki, mdomo haueleweki. Kuandika kwa sauti kungenifaa kuliko mtu yeyote, lakini simu nayo ilikuwa ndugu yake yule binti. Nasema "suruali mbili", inaandika "sala mbili".

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu anayesoma kompyuta. Akanieleza kwamba mashine hizi zimefundishwa zaidi kwa sauti za watu wenye ndimi nyepesi. Google walianza mradi wa Euphonia mwaka 2019 kwa ajili ya watu wa aina yangu, na 2021 wakatangaza programu ya Relate: unairekodia sentensi 500, nayo inajifunza sauti yako wewe. Nilifurahi kama mtoto siku ya Idi, mpaka nilipoambiwa ni kwa Kiingereza. Hapa Ngamiani nimwambie nani kwa Kiingereza kwamba suruali yake iko tayari?

Mpwa hakukata tamaa. Kuna Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, iliyotolewa na kampuni ya OpenAI mwaka 2022, ambayo mtu anaichukua bure na kuinoa apendavyo. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Kiingereza ndicho kilichokula pilau, Kiswahili kikaambulia ukoko. Lakini kimo. Kuinoa ni kuipa sauti yako pamoja na maandishi sahihi ya ulichosema, mara mia kadhaa, mpaka ikuzoee. Inawezekana kwa sababu makosa yangu yana mpangilio: ile L iliyokalia kiti cha R haijahama tangu 2020. Mke wangu aliuzoea mpangilio huo bila hata kujua kwamba anajifunza.

Awamu ya kwanza tuliharibu, na kosa ni langu. Nilirekodi sentensi 300 asubuhi, nimepumzika, nimevaa shati la kunyoosha (maiki haioni shati, najua), nasoma gazeti polepole kama msoma taarifa ya habari. Kila nyumba ina vyombo vya wageni kabatini. Mimi nilitoa sauti ya wageni. Programu ikaizoea hiyo. Nikisoma gazeti, inaandika vizuri. Ikawa jioni moja kibandani, cherehani zinalia, nikasema, "Mama Zuhura atalipa Ijumaa." Ikaandika "amelipa Ijumaa". Kijana wangu wa kazi akasoma, akamkabidhi mama wa watu gauni lake. Kiswahili kimeficha mambo yote ndani ya kitenzi. Ukimeza silabi moja, deni limekufa. (Alikuja kulipa wiki tatu baadaye, Mungu ambariki.)

Tukaanza upya. Safari hii nilirekodi maneno ninayoishi nayo: kiuno, pindo, futi kamba, bei, majina ya wateja, na vitenzi vinavyoniumiza vikiwa pamoja: atalipa, amelipa, alilipa, hajalipa. Nikarekodi nikiwa mzima na nikiwa nimechoka, ovaloki ikinguruma, siku nyingine hasira zimenipanda. Dakika kumi kwa siku, koo halitaki zaidi. Mpwa akaweka kando sentensi 50 ambazo mashine haikuwahi kuzisikia, za kuipimia, maana mwanafunzi hapewi mtihani aliokwisha kuona majibu yake.

Wiki iliyopita ikaandika, bila kuguswa na mtu: "Sare za watoto ziko tayari, zimebaki shilingi elfu kumi na mbili." Nilimwonyesha kila aliyepita. Hata muuza kahawa nilimsimamisha na birika lake.

Kwa hiyo, dada yangu: mrekodi mwanao anavyoongea. Kwanza mwombe ruhusa, ana miaka 16, sauti ni yake. Kijana wa kompyuta hutamkosa, uliza vyuoni. Halafu mrekodi anavyoongea, wala usimwambie "sema vizuri". Narudia makusudi, usimwambie "sema vizuri", kwa sababu ndugu ndio tunaoanza kuwasafisha. Mdomo ukipinda tunaona aibu sisi. Mgeni akibisha hodi, mtoto anapelekwa uani, halafu tunalalamika mashine haimjui! Jirani anamjua? Ustadhi wa madrasa anamjua? Mtoeni uani kwanza.

Umesema anapenda mpira. Anza na huo: wachezaji, matokeo, matusi ya kumtukana refa, yote yaingie, sauti ya furaha na ya kununa. Ya kwangu mpaka leo nikisema "Coastal", timu yetu ya Tanga, inaandika "kosa tu". Mpwa wangu ni shabiki wa Yanga, anakataa kuirekebisha.