Ryzen 5 5600 haitoi picha bila kadi ya grafiki

Umeuliza kama Ryzen 5 5600, prosesa uliyoiweka kwenye orodha yako ya vipuri vya kompyuta, inaweza kutoa picha bila kadi ya grafiki. Hapana, haitaonyesha chochote kwenye skrini peke yake, kwa sababu haina grafiki za ndani (sehemu ya kutengeneza picha iliyojengwa ndani ya prosesa), na tundu la HDMI lililoko nyuma ya madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) hufanya kazi pale tu prosesa inapokuwa na grafiki zake. Ikiwa fedha ya kadi haipo kwa sasa, chukua Ryzen 5 5600G, ambayo hukaa kwenye soketi ileile ya AM4 (tundu la prosesa kwenye madabodi) na ina koa 6 (viini vya kuchakata) vilevile. (Kwa Intel, herufi F mwishoni, kama kwenye Core i3-12100F, ni onyo hilohilo la kukosa grafiki za ndani.)

Ramu nayo nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa kuwa grafiki za ndani hukopa ramu ya kompyuta na huhitaji njia zote mbili za kuifikia, ambazo hutumika ukiwa na vipande viwili. Mashine yangu ya kwanza ilikwamakwama kwenye michezo mpaka nilipoongeza kipande cha pili.

Lakini kama una hakika ya kununua kadi hivi karibuni, baki na 5600, maana kashe yake (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa) ni MB 32 wakati ya 5600G ni MB 16. Kwa madabodi ya B450 (aina mojawapo yenye soketi ya AM4) iliyokaa muda mrefu dukani, mwombe muuzaji asasishe BIOS (programu ya madabodi inayowasha kompyuta) kwanza, la sivyo huenda isiitambue prosesa yoyote kati ya hizo.