Muulize mlango, usiulize kitasa

Nilipokuwa mgeni katika kazi ya kufunga mifumo ya ulinzi wa nyumba, nilimkabidhi mteja mmoja mfumo nikiwa na furaha tele. Akibonyeza "natoka" kwenye simu, taa zinazimika, komeo la mlango wa mbele linatoka kuufunga, ulinzi unawaka. Siku ya tatu akanipigia: amerudi kakuta mlango uko wazi upana wa kiganja, na simu inasema umefungwa. Nikaenda. Komeo lilikuwa limetoka lote, limesimama hewani. Kitasa kilipokea amri, kikazungusha mota, kikaripoti kwamba komeo limetoka, na kweli lilikuwa limetoka. Kosa lilikuwa langu, maana sikuweka kitu cha kuuangalia mlango wenyewe.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usifunge kitasa cha umeme bila sensa ya mlango, ile ya vipande viwili: sumaku kwenye ubao, swichi kwenye fremu. Panga hivi: mtu akibonyeza "natoka", paneli, yaani kifaa kikuu kinachoongoza mfumo, isome sensa kwanza. Mlango ukiwa umerudishwa, komeo litoke, kisha ulinzi uwake. Ukiwa wazi, ulinzi usiwake na mwenye nyumba apate ujumbe palepale.

Halafu mlango wenyewe. Kabla ya kufungua boksi la kitasa, zungusha komeo kwa mkono mara kumi. Ikikubidi kuusukuma mlango kwa bega ili komeo liingie, mota nayo itahangaika vivyo hivyo na betri zitaisha mapema. Paka chaki kwenye ncha ya komeo, lifunge, lifungue, utazame alama iliyobaki kwenye bamba la fremu. Hapo ndipo pa kupiga tupa, au ukaze skrubu za bawaba kama mlango umelala. Kazi hii ya nusu saa naithamini kuliko mipangilio yote ya kwenye simu. Betri ziwe za aina aliyotaja mtengenezaji. Vitasa vingi huandikiwa alkalaini, kwa kuwa volti ya lithiamu hukaa juu karibu mpaka mwisho kisha hushuka ghafla, na onyo la betri huchelewa.

Upande wa taa, fungua boksi la swichi ukutani uone kama waya wa nyutro, yaani unaorudisha umeme, umefika, kwa sababu swichi nyingi za kisasa zinauhitaji. Sensa ya mwendo huona joto linalosogea, kwa hiyo usiiachie izime taa ya bafuni baada ya dakika moja. Mtu aliyetulia atabaki gizani. Na kama vifaa vyako hupokezana mawimbi, kimoja kikipitisha ujumbe wa kingine, kumbuka vya betri kwa kawaida havipitishi ujumbe wa vingine. Kitasa kilicho mbali na paneli kinahitaji swichi au plagi yenye umeme karibu nacho ya kukipitishia.

Kuna kanuni moja ambayo sibishani na mteja juu yake. Sensa ya moshi ikilia, taa zote ziwake na makomeo yarudi ndani. Hata mfumo ukifa kabisa, aliye ndani aweze kutoka kwa kuzungusha mkono tu, bila namba wala simu. Kila mkazi awe na namba yake ya siri, ili anayehama aondolewe bila kuwasumbua wengine.

Siku ya kukabidhi, chomoa ruta umwambie mwenye nyumba atoke na kurudi, wewe usimame pembeni bila kugusa kitu. Mpangilio unaotegemea seva ya mbali, yaani kompyuta iliyo kwenye intaneti, utajulikana hapo, maana hautafanya kazi. Kisha zima swichi kuu, subiri, uwashe. Tazama balbu umeme unaporudi: nyingi huwaka zenyewe kwa mwanga wote, na ikitokea saa nane usiku zitawaamsha watoto. Badilisha mpangilio huo kabla hujakusanya vifaa vyako.