Mdogo Wangu, Kabla Hujachagua Sheria

Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, simu yangu hujaa ujumbe kutoka Rungwe na Kyela: "Dada, nichukue sheria?" Nami huwauliza: unataka ukaitumie kwa nani?

Mimi nilikuwa na mtu. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Arobaini haijapita, ndugu zake wakaja na karatasi yenye muhuri, wakasema shamba letu la viazi limeshauzwa. Mama alinyamaza. Hakujua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, wala kwamba inataka kila kijiji kiwe na baraza la ardhi la watu saba, watatu kati yao wanawake. Alihitaji mtu wa kumsomea ukurasa mmoja tu. Hakuwepo.

Miaka sita baadaye, nikiwa chuoni Iringa, nilikutana na sheria ya ukomo: anayedai ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri. Nilihesabu kwa vidole mara mbili. Usiku ule, kwenye baridi ya Juni, nilimpigia mama nikamwambia bado tuna muda. Alilia kwanza, ndipo akauliza nauli ya kwenda barazani wilayani ni shilingi ngapi.

Tulirudishiwa nusu ya shamba, kwa maelewano. Nusu ile ndiyo iliyowasomesha wadogo zangu, na ndiyo sababu sijawahi kujuta.

Habari ya suti na heshima, mdogo wangu, iweke pembeni. Haitakufikisha mwaka wa tatu. Darasani kwetu waliodumu hawakuwa wale wasemaji. Walikuwa wale walioweza kukaa na hukumu ya kurasa 40 wakitafuta aya moja. Na ukitaka kuwa wakili, shahada peke yake haitoshi: kuna mafunzo ya uanasheria kwa vitendo Dar es Salaam, na kupanga chumba kule ni gharama. Zungumza na wazazi mapema.

Lugha nayo. Vitabu vyetu vingi ni vya Kiingereza, lakini tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Jifunze kumweleza bibi yako kifungu chochote kwa maneno anayoyatumia sokoni. Mimi naona huo ndio ustadi mkubwa kuliko yote, na hakuna aliyenifundisha darasani.

Likizo hii, panda gari uende mahakama ya mwanzo iliyo karibu nawe. Mashauri mengi husikilizwa hadharani. Kaa benchi la nyuma asubuhi nzima, usikilize. Ukirudi nyumbani, na jioni bado unajiuliza yule mama aliyesimama pale mbele ataishia wapi, nitumie ujumbe tena, tujaze fomu pamoja.