Maswali ya Wasomaji: Ridi za Saksafoni Zisizotaka Kulia

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninapiga saksafoni ya alto katika bendi ya kwaya yetu hapa Morogoro. Kila ninaponunua boksi la ridi kumi, yaani vile vipande vyembamba vya tete vinavyotetema na kutoa sauti, hupata mbili au tatu tu zinazolia vizuri. Zilizobaki ama ni ngumu mno, ama zinapiga kelele kali bila kutarajiwa, hasa ninapozitafuta noti za chini. Fedha tunayochanga kwa ajili ya vyombo ni kidogo. Je, nizitupe, au kuna namna ya kuzirekebisha?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Usizitupe. Nyingi kati ya hizo ridi saba au nane zinaweza kuokolewa, mradi ujue kwanza kila moja ina kasoro gani kabla hujaigusa kwa wembe au msasa, kwa sababu ukishakwangua, kilichotoka hakirudi.

Ridi hutengenezwa kwa matete ya jamii ya Arundo donax, ambayo mashamba yake mashuhuri yako Var, kusini mwa Ufaransa. Mashine huzikata ridi za aina moja kwa vipimo vilevile, kisha hupima kila moja inavyokubali kupinda, na hapo ndipo inapopewa namba 2, 2½ au 3. Kwa hiyo namba ile haisemi unene, inasema ukakamavu. Na kwa kuwa kila kiwanda kina kipimo chake, namba 2½ ya kiwanda kimoja inaweza kuwa sawa na namba 3 ya kingine. Lakini tete ni mmea, na nyuzi zake hazilingani kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mashine inajua ukakamavu wa ridi nzima, haijui kwamba upande wa kulia umekaza kuliko wa kushoto. Kazi hiyo imeachwa kwako.

Anza kwa kuhakikisha kwamba kosa ni la ridi kweli. Chukua ile ridi yako inayolia vizuri, piga nayo noti zilezile za chini. Kama kelele bado ipo, basi huenda pedi ya saksafoni, yaani kile kifuniko laini kinachoziba tundu, inavujisha hewa na fundi ndiye anayehitajika. Ridi ikibaki mshtakiwa, igeuze utazame mgongo wake, yaani ule upande bapa unaolala juu ya kipulizio, ile sehemu ya saksafoni unayoitia kinywani. Iweke ikiwa kavu juu ya kipande cha kioo, uibonyeze taratibu pembeni kwa kidole. Ikiyumba, mgongo umepinda, na hewa inapita mahali isipotakiwa kupita. Kuna jaribio jingine ninalolipenda zaidi: funga ridi iliyolowana kwenye kipulizio, ziba tundu la nyuma kwa kiganja, vuta hewa yote iliyomo ndani kwa mdomo, kisha kitoe kinywani. Ridi iliyokaa sawasawa hujishikilia kidogo ikiwa imejifunga, halafu huachia kwa mlio wa “pap”. Isiyojifunga hata kidogo inavuja.

Mgongo uliopinda hunyooshwa kwa msasa laini, namba 600 ikipatikana, uliolazwa juu ya kioo. Weka vidole kwenye sehemu nene ya ridi, kamwe si kwenye ncha, uisugue kwa mwendo mrefu na mwepesi kufuata nyuzi. Ncha ya ridi ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na msasa unaweza kuimaliza kabla hujatambua, ndiyo maana mimi huiacha ncha ining'inie nje ya ukingo wa msasa. Sugua mara chache, ijaribu kwenye kioo, rudia. Mgongo ukishalala, ugeuze msasa uumalizie kwa upande wa karatasi, ili vinyweleo vya tete vifunge na usinyonye maji kupita kiasi.

Hatua inayofuata ni mizani ya pande mbili, na hapa sikio ndilo fundi. Piga noti moja ya katikati, tulivu, kisha kizungushe kipulizio kidogo kinywani ili mdomo wa chini ubane zaidi upande mmoja wa ridi. Upande uliobanwa hunyamaza, na unaousikia ni ule ulioachwa huru. Fanya hivyo kwa upande wa pili. Kama upande mmoja unalia wazi na mwingine unatoa pumzi nyingi na sauti iliyozibwa, huo uliozibwa ndio uliokakamaa. Ukwangue upande huo peke yake, kwa kisu kikali kilichoshikwa wima au kwa kipande kidogo cha msasa kilichokunjwa, katika eneo lililo kati ya ukingo na katikati ya ridi, kuelekea nchani. Mikwaruzo miwili au mitatu, kisha rudisha ridi kwenye chombo upige tena. Katikati pasiguswe: hapo ndipo penye moyo wa ridi, na sauti ikishapoteza moyo huo hubaki nyembamba hata upulize vipi.

Ridi ambayo pande zake zinalingana lakini bado ni ngumu, ishushe kidogo sana kwenye kipulizio, kiasi cha unene wa unywele, na utaona imelegea. Iliyo laini ipandishe kiasi hichohicho. Wengi hawajui kwamba mahali ridi ilipofungwa pana nguvu hivyo, na hukimbilia wembe bure. Ikiwa imelegea mno hata hiyo haisaidii, ncha hukatwa kwa kifaa maalumu kinachofuata mviringo wake. Wasio nacho hutumia kikata kucha chenye mviringo unaofanana na ncha, kwa uangalifu mkubwa.

Neno moja zaidi kwako. Nimekutana na vijana wengi wanaotamani sauti nene kama ya mpiga saksafoni Verckys Kiamuangana wa bendi ya OK Jazz ya Kinshasa, wakadhani njia yake ni kununua namba kubwa. Sauti nene hutoka kwenye pumzi na koo kabla haijatoka kwenye ridi. Kama katika boksi zima nane ni ngumu, huenda si ridi zenye kosa, ni namba uliyochagua. Shuka nusu namba.

SWALI: Mimi niko Mombasa. Ridi zangu huota madoadoa meusi baada ya wiki chache, na nyingine ncha zake hujikunja kama mawimbi. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, unyevu wa pwani na mate yaliyobaki kwenye ridi ndivyo vinavyoizalisha kuvu hiyo. Usiiache ridi imefungwa kwenye kipulizio baada ya kupiga, hata kwa usiku mmoja. Ivue, isuuze kwa maji safi ya kawaida, ipanguse kutoka sehemu nene kuelekea nchani, kisha ilaze juu ya kitu bapa ikauke pande zote mbili kabla ya kuifunga kwenye kikasha. Ndani ya kikasha weka kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Iliyokwisha kuota kuvu, itupe; hicho ni kitu unachokitia kinywani.

Ncha yenye mawimbi haijafa. Iloweke katika maji kwa dakika chache mpaka ijinyooshe yenyewe, au ibonyeze kwa dole gumba juu ya kioo. Ridi mpya nayo inataka kuzoeshwa: siku za mwanzo ipige dakika tano hadi kumi tu, kwa sauti ya wastani, kisha iache ikauke. Kuwa na ridi nne zinazopokezana. Inayopigwa kila siku bila kupumzika huvimba na kusinyaa mfululizo, na mwisho hupinda kama mlango wa mbao wakati wa masika.

SWALI: Kutoka Nairobi: je, ridi za plastiki zinafaa?

JIBU: Zinafaa, hasa kwa anayepiga nje juani au anayebadilisha vyombo katikati ya onyesho, kwa sababu hazikauki na hazihitaji kulowekwa. Bei ya moja inaweza kufikia ya boksi zima la matete au kuipita, ingawa hudumu muda mrefu zaidi. Sishauri kuzikwangua; zirekebishe kwa kuzipandisha au kuzishusha kwenye kipulizio tu. Nunua moja kwanza, uijaribu dukani ukiruhusiwa, ukikumbuka kwamba plastiki hailainiki kwa mate, hivyo ikikushinda siku ya kwanza haitakuzoea wiki ya pili.